Mwambie Mama Yako

Tangu mimba yangu ya pili ilipoanza kuonekana, kila mtu alijua binti yangu angepelekwa wapi, isipokuwa mimi. Mama mkwe alijua. Mume wangu alijua. Hata mama mwenye nyumba wetu, ambaye baba yake alitoka pwani na hakuwa na undugu wowote na sisi, alijua. Mtoto angekwenda Mwaya kwa babu na bibi yake, asahau kunyonya huko, akae mpaka mdogo wake atembee. Ndivyo walivyofanya kwa wazaliwa wa kwanza wote wa ukoo ule, na hakuna aliyeona sababu ya kuniuliza.

Mimi sikutaka. Nilikuwa nimechoka kiasi cha kusinzia nimesimama, ungo mkononi, lakini sikutaka. Nami nilipelekwa hivyohivyo nilipokuwa mdogo, kwa bibi mzaa mama, "mpaka mdogo wako atembee." Mdogo wangu akatembea, akakimbia, akaanza kuchunga ndama, mimi bado niko kwa bibi. Siku niliporudishwa nyumbani nianze shule, nilimpigia mama yangu magoti nikamwamkia kama anavyoamkiwa mgeni. Mama alicheka, kisha akaingia ndani na hakutoka mpaka jioni. Hatukuwahi kulizungumza jambo hilo. Hata leo nikisema "mama" moyoni, sura inayokuja kwanza ni ya bibi.

Tulikuwa tumepanga vyumba viwili Mbugani, mjini Kyela, miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Mume wangu alikuwa karani wa ghala la serikali. Ghala likafungwa, akapunguzwa pamoja na wenzake, akajiunga na watu waliokuwa wakipakia mchele kwenye malori kwenda Mbeya na kurudi na marobota ya mitumba. Mji ulikuwa umejaa vitu. Sabuni za Malawi, betri, vitenge, viatu vilivyokwisha kuvaliwa na watu wa Ulaya. Zamani tulipanga foleni kwa kipande kimoja cha sabuni. Sasa sabuni zilikuwa zimepangwa dukani mpaka karibu na dari, na foleni hakuna. Mume wangu alikuwa akiondoka Jumatatu akisema atarudi Alhamisi, lakini masika ya Kyela hayaijui Alhamisi. Lori likikwama huko milimani, juma zima lilipita nami niko na mmoja mgongoni na mwingine tumboni.

"Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana," mama mwenye nyumba aliniambia, akidhani ananifariji. Nilitamani kumjua aliyeutunga msemo huo. Bila shaka alikuwa mwanamume, na kama alikuwa mwanamke, basi hakuwahi kuvifanya vyote viwili kwa pamoja katika nyumba yenye tope.

Binti yangu alikuwa ametimiza miaka miwili. Alikuwa mtoto wa kung'ang'ania. Nikienda chooni anasimama mlangoni na kugonga. Nikikaa anapanda mapajani, na tumbo likimzuia analisukuma kwa mikono miwili kama mtu anayesogeza gunia. Nilipojijua nina mimba nilipaka shubiri kwenye ziwa ili aache. Akalilamba, akalia, akalifuta kwa kiganja, akaendelea kunyonya huku anakunja uso. Majirani wakanong'ona kwamba nimembemenda mtoto, yaani nimeshika mimba upesi mno na kumharibia maziwa yake. Sikuwajibu. Kujibu nako kunataka nguvu.

Basi ndipo alipokuja baba mkwe.

Alikuwa na kidonda cha mguu kilichokataa kupona, na hospitali ikamtaka afike kila asubuhi kusafishwa na kufungwa bendeji. Mwaya ni mbali kwa mtu anayetembelea fimbo, kwa hiyo mume wangu akamleta kwetu, akamtandikia kitanda sebuleni, akaniaga, akapanda lori.

Msomaji asiyetoka kwetu atasema, si vizuri, umepata mtu mzima wa kukaa naye? Hapana. Kwa Wanyakyusa mke wa mtoto haonani na baba mkwe wake. Tunaita kutila. Hamkutani njiani, hamkai chumba kimoja, humtaji jina, hamsemeshani, humtazami naye hakutazami. Si ugomvi, ni heshima. Kijijini heshima hiyo haina taabu: migomba ni mingi, njia ni nyingi, mkwe akikohoa huku wewe unatokea kule. Siku hizo wengi walikwisha kulegeza, hasa watu wa kanisani, wakawa wanaamkiana kwa mbali. Baba mkwe wangu alikuwa mzee wa kanisa, lakini kwa jambo hili hakulegeza hata kidogo.

Sasa weka heshima hiyo katika vyumba viwili vya kupanga. Yeye sebuleni, mimi chumbani, katikati pazia. Yeye alitumia mlango wa mbele unaotokea barabarani, mimi ule wa uani. Lakini choo kilikuwa kimoja, huko uani, na ili kukifikia ilimbidi apite jikoni kwangu. Tukajitungia sheria bila kukubaliana: yeye akitaka kutoka anakohoa mara kadhaa kwa nguvu, nami nikiwa uani ninagonga sufuria kwa mwiko. Mama mjamzito na mzee wa umri ule ndio watu wanaokwenda chooni kuliko wote duniani. Kutwa ikawa ni kukohoa na kugonga, kugonga na kukohoa. Nilikuwa nikijibanza nyuma ya banda la jiko, kitenge kichwani, mtoto ananivuta mkono akitaka kujua tunamkimbia nani.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," alicheka mama mwenye nyumba. "Haya, nyie Wanyakyusa nyie, jembe mtampaje mtu msiyemtazama?"

Jembe lenyewe alikuwa binti yangu. Maana sheria haikumhusu yeye. Alipita chini ya pazia kama kuku, bila kukohoa, bila kugonga, na akawa mjumbe wetu.

"Mwambie babu chakula tayari," namwambia. Anakwenda. Ninasikia, "Babu, mama." Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake yote. Mzee anajua maana yake ni chakula, anasubiri mpaka nigonge sufuria kwamba nimekiweka kwenye kigoda na kuondoka, kisha anainuka kukichukua.

"Mwambie mama yako chumvi imepungua," mzee anasema. Mtoto anarudi, ananifungulia kiganja, anasema, "Chumvi." Nikimpa kidogo anailamba mwenyewe.

Mzee alikuwa msumbufu. Hakupenda mchele uliopikwa na nazi kama anavyopika mama mwenye nyumba. Alitaka ndizi zilizopondwa, alitaka samaki aina ya mbasa na si dagaa, alitaka maji ya mtungi wa udongo wa Ikombe na si ya ndoo ya plastiki, maana plastiki, alisema, inanuka duka. Redio yake aliifungua tangu alfajiri. Ugoro wake ulinipigisha chafya nikiwa upande wa pili wa pazia. Na yote hayo yaliletwa kwangu na mtoto asiyeweza kusema sentensi, kwa hiyo nilikuwa nasikiliza mwenyewe kutoka chumbani, halafu nangoja mjumbe aje kuniambia neno moja kati ya kumi, namjibu, naye mzee anasikiliza jibu langu kabla mjumbe hajafika. Tulikuwa tukisikiana vizuri kabisa. Tulichokosa ni ruhusa.

Siku moja, baada ya kula, nilisikia akimwambia mtoto, "Mwambie mama yako anatembea mno. Miguu yake naisikia. Imekuwa mizito." Mtoto hakuleta ujumbe huo, alikuwa anachezea kifuniko cha sufuria. Lakini nilikaa chini. Hakuna mwingine aliyekuwa ameniambia hivyo, hata mume wangu ambaye aliruhusiwa kuniangalia.

Nesi wa kliniki naye aliona. Alibonyeza mguu wangu, kidole kikaacha shimo, akaniambia nilale zaidi, nisibebe ndoo, nisiiname sana, la sivyo mtoto huyu atatoka kabla ya siku zake. Nilimwitikia ndiyo. Nilirudi nyumbani nikiwa nimembeba binti yangu, kwa sababu alikataa kutembea kwenye tope.

"Umeona?" alisema mume wangu aliporudi na kusikia maneno ya nesi. "Akipelekwa Mwaya utapumzika. Mama anamngoja."

"Baada ya kujifungua tutaangalia," nilisema.

"Mke wangu, unajitesa."

Alisema kweli. Nilikuwa najitesa, na zipo siku nilizokaa jikoni moshi ukinifanya nilie na nikajiambia, mchukueni, mchukueni hata leo. Kisha anakuja na kunipangusa machozi kwa mkono uliojaa ugali.

Tulikuwa na mpunga wetu kidogo, ambao niliuanika uani juu ya mkeka jua likitoka. Kuna mchana mmoja mvua ilikuja ghafla kutoka ziwani. Mimi nilikuwa chumbani. Nikasikia fimbo ya mzee sebuleni, nikafikiri, ameona, anatoka kuuanua, basi nisitokee tukagongana. Yeye naye, kumbe, alisikia mlango wangu ukilia kwa upepo, akafikiri mimi ndiye ninayetoka, akarudi kukaa. Tukakaa hivyo, kila mmoja kwa heshima zake, mvua ikapiga mpunga mpaka ikaisha. Baadaye ulichipua kwenye mkeka. Mama mwenye nyumba alicheka mpaka akashika mlango. "Yailahi! Watu wawili ndani, na mpunga unaota!" Mimi sikucheka. Ule ulikuwa mchele wetu wa kula.

Kwa hiyo mvua ilipokuja mara ya pili sikungoja mtu yeyote. Nilitoka mbio, kitenge kimedondoka, nikakamata ncha mbili za mkeka na kuuvuta. Ulikuwa mzito. Niliuvuta kwa nguvu zangu zote kwa sababu nilikuwa nimekasirika, nimeikasirikia mvua, nimewakasirikia mume na lori lake, na huyo mzee na kikohozi chake. Mguu ukateleza. Nikakaa chini kwenye tope kwa kishindo, na nilipotaka kuinuka maumivu yakanikata kiunoni, nikahisi kitu cha moto kinatiririka miguuni, na hayakuwa maji ya mvua.

Ilikuwa mchana. Mama mwenye nyumba alikuwa amefunga duka lake kwenda msibani. Wapangaji wengine walikuwa mashambani. Binti yangu alikuwa amesimama kizingitini ananitazama.

"Nenda kwa babu," nilimwambia. "Mwambie mama anaumwa."

Akaenda. Nikamsikia, "Babu, mama." Na mzee, ambaye kila siku aliposikia maneno hayo aliletewa chakula, akajibu kama kawaida yake, "Mwambie ndaga," maana yake asante. Mtoto akarudi anakula kipande cha ndizi ya kuchoma.

Ndipo nilipopaza sauti. Hata wakati huo, damu inanitoka, sikumwita yeye. Nilimpigia kelele mtoto aliyekuwa mbele yangu, "Mwanangu! Mama anaumwa! Mama anatoka damu, hawezi kusimama!" Mtoto alitupa ndizi akaanza kulia. Redio ikazimwa.

Kisha sauti ya mzee ikasikika nyuma ya mlango wa uani, polepole, kama anayemfundisha mtoto sala. "Mjukuu wangu. Mwambie mama yako asisogee. Mwambie nakwenda kutafuta mtu."

Fimbo yake ikaondoka, mlango wa mbele ukalia. Nilibaki kwenye mvua. Niliogopa sana. Nilishika tumbo na kulisemesha, nikaliomba lisubiri, nikaliahidi kwamba nitalala, nitalala kweli, sitashika hata kijiko. Binti yangu alikuja akaketi kwenye tope kando yangu, analia, amenishika sikio. Alikuwa anapenda kushika masikio.

Mzee alirudi na kijana wa baiskeli, mmoja wa wale waliokuwa wakibeba abiria kwenda stendi. Kijana alikuwa mwembamba. Akanishika makwapani, akajaribu kuniinua, tukateleza wote wawili. Akajaribu tena. Akageuka mlangoni.

"Mzee, peke yangu siwezi. Njoo ushike upande huu."

Kijana akapaza sauti.

"Mzee! Huyu mama atatufia hapa!"

Nilikuwa nimefumba macho. Sikutaka kuona atakavyokataa. Nilisikia fimbo ikirudi ndani, nikajua basi. Halafu nikamsikia akisema, "Mjukuu, njoo unishike mkono." Binti yangu akaniacha, akakimbia. Nilipofumbua macho niliona blanketi.

Alikuwa amejifunika blanketi lake la kijivu kuanzia kichwani mpaka magotini, hata tundu la kuonea hakuacha. Mkono mmoja fimbo, mkono mwingine kwa binti yangu. "Nipeleke alipo mama yako," alisema kutoka ndani ya blanketi. Mtoto alifikiri ni mchezo. Aliacha kulia, akaanza kucheka, akamwongoza babu yake uani akimpitisha katika kila dimbwi, kwa sababu yeye alipenda madimbwi. Mguu wenye kidonda uliingia kwenye tope mpaka juu ya bendeji. Mzee akaendelea kumfuata.

"Huyu hapa," alisema kijana wa baiskeli, akamshika mkono na kuuweka begani pangu.

Nami nilijifunika uso kwa kiganja, ili nisivunje upande wangu. Wakaniinua. Mzee alikuwa na nguvu ambazo sikuzitegemea. Alinuka ugoro na dawa ya kidonda, na chini ya blanketi nilisikia amegeuza uso pembeni, sauti yake ikitokea upande mwingine, "Polepole. Polepole. Mwambie mama yako ashike kiti cha baiskeli." Mtoto hakuniambia. Nikashika.

Nilipotolewa langoni nilitazama nyuma, nikaona blanketi limesimama kwenye mvua na binti yangu ameshika ncha yake.

Hospitali walinilaza. Damu ilipungua, ikakoma, wakanikataza kushuka kitandani. Tulikuwa wagonjwa wawili kitanda kimoja, kichwa cha mmoja miguuni pa mwenzake, na bado naapa sijapata kulala vizuri namna ile maishani. Nililala mchana na usiku. Niliota nimelala. Mume wangu alikuja na matope mpaka kiunoni, akakaa miguuni pangu, kisha akaondoka kutafuta dawa ambazo sasa zilikuwa za kununua. Mtoto wa kiume alizaliwa kabla ya wakati wake, kichwa chake kikaenea kwenye kiganja changu, lakini alilia kwa hasira, na nesi akasema mwenye hasira hafi.

Siku mama mwenye nyumba alipomleta binti yangu kunitazama, amembeba mgongoni kwa kanga, nilinyoosha mikono. Mtoto alinitazama. Akautazama mlango.

"Babu?" aliuliza.

Mama mwenye nyumba akacheka, kisha akauona uso wangu. "Watoto hao, mwanangu," alisema. "Leo babu, kesho paka."

Lakini haikuwa paka. Niliporudi nyumbani na kichanga, binti yangu alikuwa analala sebuleni, kitanda kimoja na mzee. Kidonda kilikuwa kimechafuka kwa tope lile na bendeji zikaanza upya, kwa hiyo alibaki nasi kuliko ilivyopangwa. Kila asubuhi walikwenda hospitali pamoja, mtoto akishika ncha ya koti lake. Alikuwa amejifunza kusema sentensi. Alikuwa amejifunza kupiga chafya ya uongo akiona kopo la ugoro. Nilikuwa nasikia kicheko chake nyuma ya pazia huku ninanyonyesha, nami niliona wivu. Siwezi kutumia neno jingine. Mzee aliyeniokolea mtoto mmoja alikuwa ananichukulia mwingine, tena bila kukusudia, kwa ndizi za kuchoma tu.

Mama mkwe alikuja kumtazama mjukuu mpya, akaleta ndizi na kuku, akanikanda tumbo kwa maji ya moto mpaka nikapiga kelele. Kabla ya kuondoka alikaa sebuleni na mumewe. Habari ya uani ilikwisha kuzagaa mjini, kijana wa baiskeli hakumbakiza mtu.

"Ni kweli ulimshika mkwe?" nilimsikia akiuliza.

"Nilishika mzigo nilioelekezwa," alijibu mzee. "Mimi nilikuwa ndani ya blanketi. Sikuona mtu."

"Na yeye?"

"Muulize yeye."

Mama mkwe aliingia chumbani, akanitazama, hakuniuliza. Akasema tu kwamba mambo sasa ni mepesi. Mtoto amemzoea babu, hatalia. Yeye mwenyewe anatangulia, maana ndege wanamaliza mpunga shambani. Kidonda kikifunga, babu atakuja naye Mwaya. "Wewe pumzika, mwanangu. Umechoka."

Nikasema ndiyo. Hakunilazimisha mtu. Kichanga kilikuwa kinalia usiku kucha, titi moja lilikuwa limepasuka, mkubwa alikuwa amerudia kukojoa kitandani, na mimi nilikuwa nalia nikitafuta kijiko nilichokishika. Mtu aliyechoka hukubali chochote kinachotajwa pamoja na neno pumzika. Mume wangu alifurahi. Alimnunulia binti yake viatu vyekundu vya mitumba kwa ajili ya safari.

Kidonda kilifunga. Asubuhi ya kuondoka, mume wangu alifunga kifurushi cha nguo za mtoto kwenye baiskeli nje, akaingia sebuleni kumvalisha viatu. Mimi nilikuwa kitandani upande wangu wa pazia, kichanga kikinyonya. Nilikuwa nimekwisha kumuaga binti yangu mapema, kwa ujanja, nikamwambia aende akale uji. Nilitaka wapite upesi, mvua haijaanza.

Mzee alikohoa kile kikohozi cha kutaka njia. Kisha akasimama karibu na pazia. Kwa chini niliona ncha ya fimbo yake.

"Mjukuu wangu," alisema, "muage mama yako. Mwambie tunaondoka. Mwambie asihangaike, utakula na utalala. Mwambie apumzike."

Mtoto alikuwa anashughulika na viatu. Ilikuwa zamu yangu. Nilipaswa kusema, mwambie babu safari njema. Maneno nilikuwa nayo mdomoni. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wanasema, lakini mimi nilikuwa naujua pia uchungu wa mtoto, nilijua magoti yanavyogusa sakafu mbele ya mama usiyemjua. Na nilijua ninayetaka kumnyima ni nani. Hakuna mtu ambaye wakati ule nilikuwa na deni kwake kumpita yeye.

"Hapana, tata," nilisema. "Niachie mwanangu."

Nilisema mimi, kwake, nikamwita baba kwa kikwetu, bila mjumbe. Katika miaka yote tangu niolewe lilikuwa neno la kwanza kumwelekezea baba mkwe wangu, na lilikuwa hapana. Mume wangu sebuleni aliacha kufunga kiatu. Kichanga chenyewe kiliacha kunyonya, au nilidhani hivyo. Kwa aibu nikavuta kitenge nikajifunika kichwa, ingawa hakuna aliyekuwa ananiona.

Ncha ya fimbo ilikaa palepale. Nilimsikia akipumua. Nilingoja ahamaki, au aondoke kimya, jambo ambalo lingekuwa baya zaidi.

"Mjukuu wangu," alisema mwishowe, polepole sana, "mwambie mama yako nimesikia."

Pazia likainuka kwa chini. Binti yangu akaingia, kiatu kimoja mguuni na kimoja mkononi, akasimama mbele yangu akijaribu kukumbuka alichotumwa. Hakukumbuka. Akapanda kitandani, akanikanyaga paja, akamsukuma mdogo wake na kunishika sikio. Nje nikasikia kifurushi kikifunguliwa kutoka kwenye baiskeli, kisha fimbo ya mzee ikienda barabarani, na kando yake hapakuwa na vishindo vya miguu midogo. Nilimhurumia mno mzee yule, na sikulirudisha neno langu.